Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Nne

Barua ya meneja ilisema nitafundishwa kazi za ukumbi wa chakula, mapokezi na jikoni kwa miezi mitatu, na kwamba hoteli yake "inapokea wageni kutoka pande zote za dunia." Niliisoma ndani ya treni kutoka Mbeya. Nikaisoma tena kwenye foleni ya mpaka pale Kasumbalesa, askari wa Zaire wakipekua hadi kopo langu la mafuta ya nywele. Nikaisoma mara ya mwisho kwenye teksi-basi ya kutoka Lubumbashi, sanduku nimelipakata. Nilipofika Likasi na kushuka mbele ya hoteli yenyewe, nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na madirisha ya chini yalikuwa yamepigiliwa mbao.

Niligonga mnyororo kwa jiwe. Akatoka mzee mmoja amevaa koti jeupe la mhudumu lililonyooshwa pasi vizuri ajabu, tai ya kipepeo, suruali nyeusi, na chini kandambili.

"Shikamoo, baba."

Akanitazama tu. Kule shikamoo hawaitumii, lakini mimi sikujua, nikadhani ni dharau, nikanuna papo hapo.

"Jambo, mama," akasema. "Njo weye mutoto ya stage?"

Stage ndiyo mafunzo ya kazi, kwa Kifaransa chao. Nikasema ndiyo mimi, meneja yuko wapi?

"Patron haiko. Alikimbiaka Lubumbashi wakati basoda balipora. Lakini kazi iko. Ingia."

Patron ndiye meneja, na basoda ni askari. Basi nikaingia, na yeye akafunga mnyororo nyuma yangu. Mzee huyo alikuwa mkuu wa wahudumu, na kwa vile meneja hakuwepo, alikuwa mkuu wa kila kitu. Kila mtu alimwita Papa, nami nikamwita hivyo hivyo. Akanipeleka mapokezi, akafungua kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kalamu imefungwa humo kwa uzi, akaniambia niandike jina, nchi, na anwani ya nyumbani kwetu, kamili, na sanduku la posta. Kisha akanyoosha mkono.

"Paspoti."

"Ya nini?"

"Ni règlement ya nyumba, mama. Inalala mu coffre."

Nikampa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuoni ambako tulifundishwa kwamba kanuni ya hoteli haiulizwi mara mbili. Akaifungia kwenye kasha la chuma nyuma ya meza, ufunguo akautia ndani ya koti, upande wa moyo. Laiti ningejua, ningeitafuna ile pasipoti kuliko kumpa.

Nikapewa chumba namba kumi na nne, ghorofa ya kwanza. Nikashangaa sana, maana chuoni walishatuonya kwamba wanafunzi hulazwa stoo. Hiki kilikuwa na kitanda kipana, kabati la mninga, mashuka ya kitani na dirisha la kutazama stesheni ya treni. Bomba lilikohoa tu, maji hakuna. Umeme wa bwawa la Koni ulikuja na kuondoka utakavyo wenyewe.

Kulipokucha nikafunzwa kazi. Ukumbi ulikuwa na meza kumi na nane, na zote ziliandaliwa kila siku: kitambaa cheupe, sahani, glasi mbili mbili, leso iliyokunjwa mtindo wa kofia ya askofu. Kisu kikae mbali na ukingo wa meza kwa urefu wa kiungo kimoja cha dole gumba. Papa alipita meza baada ya meza akipima kwa dole lake. La kwangu lilikuwa fupi kuliko lake, kwa hiyo visu vyangu vyote vilikuwa vimekosewa, nikarudia meza zote kumi na nane.

"Wageni wangapi leo, Papa?"

"Tengeneza, mama. Mugeni anakuyaka."

Ilipofika adhuhuri akavuta kiti cha meza ya sita, dirishani, akaniambia nikae.

"Mimi?"

"Mwenye hajahudumiwaka, hajue kuhudumia. Kaa."

Nikaona, aa, kumbe kuna ualimu hapa! Akaniletea sombe, kisamvu chao, na samaki mkavu, pamoja na bukari, yaani ugali wao, ameukata vipande vya pembe nne kwenye sahani ya kaure. Nikanawa nianze kumega. Akakohoa. Nikaula kwa uma na kisu, Mungu anisamehe, mtoto wa Mbeya mzima, na yeye amesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi. Wafanyakazi wengine saba walikuwa wanakula jikoni kwenye karai moja, nawasikia wanacheka. Niliwaonea wivu.

Mchana akanifundisha kitabu cha wageni. Safu ya kufika, safu ya chumba, safu ya kuondoka ambapo mgeni anatia sahihi. Alikuwa anakipenda kitabu kile, unamwona hata anavyokifuta vumbi. Akaniambia kanuni ambayo baadaye ilikuja kutufaa: mgeni ambaye hajatia sahihi ya kuondoka, na mzigo wake uko chumbani, bado ni mgeni wa nyumba, hata akienda matembezi mwezi mzima. Chumba chake hakiguswi. Nikaiandika kwenye daftari langu kama mwanafunzi mwema.

Siku ya tatu nikataka kwenda sokoni kununua sabuni. Papa akakataa kufungua geti.

"Barabarani basoda banauliza papiers. Bila paspoti batakukamata."

"Basi nipe pasipoti."

"Ile inatokaka siku mugeni anaenda."

"Mimi si mgeni, mimi ni mwanafunzi!"

Akaenda kunyoosha leso ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Sabuni akaniletea mkewe.

Huyo mkewe ndiye alikuwa anafua na kupiga pasi. Pasi ya makaa, nguo za vitanda visivyolaliwa na mtu. Nilimwita Mama. Alikuwa mcheshi, ananitania kwa Kiswahili changu, anasema naongea kama redio. Lakini siku ile hakunitania. Alinipa sabuni, akanishika bega, akaondoka.

Nilipanda chumbani nikasimama dirishani. Bomba refu la kiwanda halitoi moshi. Baiskeli zinapita na magunia ya makaa, wenye nazo wanazisukuma. Na pale stesheni, watu. Niliwaona tangu siku ya kwanza nikadhani ni abiria, lakini abiria gani wanakaa siku tatu na makabati? Walikuwa na vitanda, milango iliyong'olewa, mabati, masufuria, kuku, na watoto wanasomeshwa juu ya magodoro. Walikuwa ni watu wenye asili ya Kasai, jimbo jingine la Zaire, wanaoambiwa warudi kwao, na treni haiji. Wao walifukuzwa na hawana cha kupanda, mimi nina pa kwenda na nimefungiwa. Nikaanza kuhesabu siku.

Mwalimu wangu aliniambia hivi: mahali pakikushinda, rudi kabla mwezi haujaisha tutakutafutia hoteli nyingine, lakini ukichelewa mwaka wako umekwenda, na nafasi yako anapewa mwingine. Nilikuwa na wiki mbili zimebaki, na siku nne za hizo ni za njiani. Pale hakuna meneja, hakuna mgeni, hakuna jiko la kufundishia. Kama ni kukunja leso, hata kwa mama yangu ningekunja. Siku ya nne nikamwambia Papa kwa adabu zote kwamba naomba kuondoka.

"Ngoja patron azungumuze Vendredi," akasema.

Ijumaa ikafika. Meneja alikuwa anaongea kwa simu ya upepo, mashine imewekwa ofisini juu ya kabati, inavuma na kukwaruza. Nami nilikuwa napita koridoni na ndoo ya maji. Nikasikia sauti ya mbali, ya mtu aliyeshiba.

"Mugeni eko?"

"Eko, patron," Papa akajibu. "Moja."

"Chumba gani?"

"Kumi na ine."

"Amekula?"

"Amekula, midi, pa meza ya sita."

"Bon. Basi nyumba haifungwe. Tutaongea Vendredi ingine."

Nikaitua ndoo. Jamani, unajua mimi kwa sekunde kadhaa nilifurahi? Nilisema moyoni, kumbe kuna mgeni, hatimaye kazi! Namba kumi na nne. Halafu nikakumbuka nani analala namba kumi na nne. Nikaenda mapokezi nikafungua kitabu. Ukurasa mzima ulikuwa mweupe, mstari mmoja tu umeandikwa, na mwandiko ni wangu.

Papa alipotoka ofisini alinikuta nimesimama na kitabu kifuani.

"Umenifunga," nikamwambia. "Mzee mzima na koti jeupe, umenifunga kama mbuzi! Kisha unanilisha kwa uma!"

"Mama, sikia..."

"Sisikii! Ungemdanganya tu! Ungesema mgeni yupo, nani angekuja kuhakikisha? Mbona watu wanadanganya kila siku?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi.

"Minye sisemake bongo," akasema. Bongo kwao ni uongo. "Niko shemasi mu kanisa. Mudomo yangu njo ile inaombeaka bagonjwa."

Hebu niambie, utamjibu nini mtu kama huyo? Uongo hawezi, lakini kumfungia mtoto wa watu anaweza. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikapanda juu nikabamiza mlango.

Mama akanifuata na kikapu cha pasi. Hakugonga. Akakaa kitandani akaanza kukunja taulo, na huku anakunja ananieleza. Nyumba nane za nyuma ya hoteli ni za wafanyakazi. Hoteli ikifungwa, nyumba zinafungwa. Wenzao wangerudi kwa ndugu zao mjini au mashambani. Lakini mumewe alikuwa na jina la Kasai, na askari hawakumgusa kwa sababu moja tu, kwamba yumo ndani ya hoteli inayofanya kazi.

"Alizaliwa hapa hapa," akasema. "Baba yake njo alijengaka hii ukuta. Kasai hajafikaka hata siku moja. Minye niko wa hapa, banasema nibakie. Batoto ni ba baba yao, banasema baende. Sasa utanikata wapi? Huku ama huku?"

Akajionyesha kifuani kwa kiganja, juu hadi chini.

"Mimi nitapoteza mwaka wangu, Mama," nikasema. Nilikuwa nalia. "Mwaka wangu wote."

"Najua. Nilimwambia. Eko kichwa nguvu." Akafuta macho yake kwa taulo la hoteli, kisha akalitazama, akalitenga lifuliwe upya. "Bwana yangu hata Shetani akimuuliza, atamujibu kweli."

Hapo ndipo nilipopata silaha yangu.

Kesho yake Papa akavuta kiti cha meza ya sita. Nikakaa. Akaleta sahani. Sikushika uma. Alingoja kidogo, akasogeza sahani, nikaisogeza nyuma.

"Kula, mama."

"Sili. Na ukiulizwa, sema kweli, sema mgeni hajala. Wala kulala sitalala tena kwenye kile kitanda. Nitakaa hapa kwenye kiti mpaka Ijumaa."

Akasimama mahali pake, nyuma ya bega langu la kushoto, kitambaa mkononi. Bukari ikapoa. Samaki akaanza kupata inzi na Papa akawa anawapunga kimya kimya. Nilikuwa na njaa inayouma, na yeye najua hakuwa amekula, maana mkuu wa wahudumu hali kabla ya mgeni. Jikoni kicheko kilikatika. Nikaangalia nje kwa dirisha ili nisiangalie sahani, na nje ni stesheni, kwa hiyo nikawa naangalia stesheni. Mwanamke mmoja alikuwa anapanga sahani zake za kaure juu ya mlango uliolazwa chini, anazipanga vizuri, kwa nafasi sawa, kama zitaliwa.

Kivuli kilishavuka meza ya sita kikafika ya tisa ndipo nikasikia kandambili zinaondoka. Zikarudi. Akaondoa sahani ile, akaweka nyingine mbele yangu, safi, na juu yake leso iliyokunjwa kofia ya askofu. Nikaiinua. Chini yake ilikuwa pasipoti yangu.

"Sasa kula," akasema. "Teksi-basi ya Lubumbashi iko kesho asubui."

Niliishika kwa mikono miwili. Nilitarajia nitafurahi, na kweli nilifurahi, uongo wa nini, roho ilinirukaruka. Lakini mzee hakuwa amekaa. Alikuwa bado amesimama na kitambaa chake, anatazama kule nje, na macho yake yalitua kwenye ule mlango na zile sahani.

"Ijumaa utamwambia nini?" nikamuuliza.

"Kweli."

Mimi si mtu mwema sana. Nilikuwa bado na hasira naye, na hadi leo ninayo. Lakini sikutaka kupanda gari na uso ule kichwani mwangu safari nzima. Nikakumbuka daftari langu.

"Papa. Mgeni ambaye hajatia sahihi, na mzigo wake uko chumbani?"

Nilimwona anaigeuza kanuni ile upande huu na upande ule.

"Eko mugeni," akasema polepole. "Ametoka tu."

"Basi naacha sanduku."

Ungedhani angenishukuru! Akakunja uso, akaniuliza sanduku litakuwa na nini.

"Tupu. Nguo zangu nitazifunga kitenge."

"Sanduku ya bure haiko mizigo," akasema. "Itakuwa bongo."

Weee! Nilitaka kumpiga na sahani. Mzee nimemtoa kwenye shimo, yeye anapima kina! Lakini ndivyo alivyokuwa, na kama angekuwa vingine nisingekuwa na pasipoti mkononi. Nikala kwanza, nikamaliza, kisha nikapanda naye namba kumi na nne. Akasimama mlangoni, haingii chumba cha mgeni bila kuitwa, akatazama ninavyopanga: sare yangu ya chuo, sketi nyeusi na mashati mawili meupe. Viatu vya kazi. Gauni la maua alilonishonea mama yangu kwa safari ile, ambalo sikuwahi kulivaa hata mara moja kwa sababu nilikuwa nalitunzia siku ya kumaliza mafunzo. Nilipolishika hilo nikasita. Nikamtazama. Akatazama chini, lakini hakusema acha. Nikalitia ndani nikafunga sanduku.

"Sasa njo mizigo," akasema.

Asubuhi yake akafungua mnyororo. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye leso ya hoteli, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Papa alinipa mkono kama anavyompa mgeni, ameinama kidogo, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo.

"Matembezi mema, mama," akasema.

Nilifika Mbeya na pochi na kile nilichovaa. Mama yangu akauliza sanduku liko wapi, nikamwambia nimeibiwa mpakani, na kumbuka mimi si shemasi. Alilisikitikia lile gauni wiki nzima. Chuo kilinipeleka hoteli ya Iringa, nikaanza upya na sketi ya kuazima. Kila Ijumaa, popote nilipokuwa, ukumbini au jikoni, nilikuwa najikuta nimesimama kidogo. Mugeni eko? Ametoka, patron. Mizigo yake iko chumbani. Nilikuwa nacheka peke yangu, wenzangu wananiuliza una nini.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja dereva wa lori kutoka upande wa Zambia akaleta sanduku langu nyumbani kwetu, anwani imeandikwa vizuri, kamili, na sanduku la posta. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Kumbe wezi wamelirudisha! Mungu yupo jamani!" Alikuwa analizungushia watu gauni la maua, limepigwa pasi vizuri kuliko siku lilipotoka kwenye cherehani yake.

Mimi nilikaa chini sakafuni. Niliuliza dereva amepewa na nani. Akasema hajui, limepita mikono mingi, lakini wa kwanza kabisa ni mwanamke mmoja wa Likasi, wa makamo, anafua nguo za watu. Alikuwa peke yake, hana mume wala watoto? Dereva akasema aliambiwa hivyo, peke yake.

Chini kabisa ndani ya sanduku, kwenye kitambaa cheupe cha meza, kulikuwa na kitabu chenye jalada jeusi. Nilikifungua kwenye ukurasa wenye mstari mmoja. Safu ya kufika imejazwa, safu ya chumba imejazwa, na kwenye safu ya kuondoka Papa amenichorea alama ndogo ya penseli pa kutia sahihi. Kalamu ilikuwa bado imefungwa humo kwa uzi.

Wino wake haukuwa umekauka, niliujaribu kwenye kiganja changu. Hadi leo sijatia sahihi.